Kompyuta ya redio ilikuwa na mafaili yote, lakini haikuamka

Watu wanapokimbia vita, familia hutawanyika njiani. Mama anafika kambini na watoto watatu, wa nne amefuata majirani kwenye njia nyingine. Mzee anabaki kijijini kwa sababu miguu imechoka, na watoto wake hawajui tena yuko kwa nani. Ndiyo maana redio za jamii huku mashariki mwa Kongo hutoa matangazo ya familia: fulani wa kijiji fulani anatafutwa, anayemfahamu afike kwenye redio au kwa mkuu wa kambi.

Kwa msikilizaji, tangazo ni sauti tu. Lakini nyuma ya sauti ile kuna daftari, kuna rekodi, na siku hizi mara nyingi kuna kompyuta moja ndogo inayohifadhi rekodi zote na kuzicheza kwa saa zilizopangwa, hata usiku studio ikiwa haina mtu.

Katika redio moja ya eneo la Beni, kompyuta hiyo ni Orange Pi PC. Si mashini ya mezani. Ni ubao mmoja wenye ukubwa wa kadi ya mpiga kura, uliotoka China mwaka 2015 kwa bei ya dola 15. Una kumbukumbu ya gigabaiti 1 na hauna diski ndani yake. Mfumo wote unakaa kwenye kadi ya kumbukumbu, ile ile ambayo watu huweka katika simu. Unatumia umeme wa volti 5 tu, kwa hiyo bateri ya jua inaubeba usiku mzima, wakati kompyuta kubwa ingemaliza bateri kabla ya saa sita.

Siku moja kadi ile ilikufa. Umeme ulikuwa umekatika mara nyingi wiki hiyo, na kadi za kumbukumbu hazipendi kukatiwa umeme zikiwa katikati ya kuandika. Kompyuta haikuwaka tena, na matangazo yakasimama.

Fundi wa redio hakushtuka sana. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, naye mwenyewe ni mkimbizi. Kazi ya kutengeneza simu aliijifunza sokoni kabla kijiji chao hakijahama. Kila Jumapili alikuwa ananakili mafaili yote ya kompyuta ile kwenye diski ya nje. Akanunua kadi mpya, akaigawa sawa na ile ya zamani, akarudisha mafaili yote, akaichomeka katika ubao na kuwasha. Hakuna taa iliyowaka. Hakuna picha kwenye skrini.

Mkuu wa redio alisimama mlangoni. «Binti, si ulisema ulinakili vyote?»

«Mafaili yote yamo, Papa. Kinachokosekana si faili.»

Jibu hilo linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wanapokwama. Wanahesabu mafaili, wanaona hesabu ni sawa, kisha wanasema ubao umekufa na kuutupa. Kumbe ubao ni mzima.

Ndani ya chipu ya Orange Pi PC, inayoitwa Allwinner H3, kuna programu ndogo sana iliyochongwa kiwandani. Haifutiki wala haibadiliki. Umeme ukifika, hiyo ndiyo inayoamka kwanza. Lakini haijui mafaili ni nini. Haisomi majina, haijui foda. Inajua tu kwenda mahali palipopangwa kwenye kadi, kwanza kabisa kilobaiti 8 kutoka mwanzo. Hapo inatafuta alama ya herufi chache, eGON.BT0, na hesabu ya kuthibitisha kwamba kilichoandikwa hakikuharibika.

Ni kama mgeni aliyeelekezwa hivi: hesabu nyumba nane kutoka barabarani, kisha bisha hodi. Akikuta nyumba ya nane haina mtu, hawezi kukisia kwamba wenyeji wako ya kumi na mbili. Chipu ile ikikosa alama, hujaribu sehemu nyingine chache za kuhifadhia ikiwa zipo, kisha hukaa kimya ikisubiri amri kupitia waya wa USB. Anayeutazama ubao kutoka nje anaona kitu kilichokufa.

Alama ikipatikana, chipu inachukua kipande kidogo kisichozidi kilobaiti 32 na kukiweka katika kumbukumbu ndogo iliyo ndani yake yenyewe. Kwa nini kidogo hivyo, wakati ubao una gigabaiti nzima? Kwa sababu wakati huo gigabaiti ile bado haifanyi kazi. Kumbukumbu kubwa inahitaji kupangiwa mwendo na vipimo vyake kwanza. Kazi ya kipande kile cha kwanza, kinachoitwa SPL, ni hiyo hasa: kuiamsha kumbukumbu kubwa. Ikishaamka, SPL inaita kipande cha pili, ambacho ni programu yenyewe ya kuamsha, yaani U-Boot. U-Boot sasa inaweza kusoma mafaili. Inatafuta karneli ya Linux, inatafuta faili linaloeleza ubao umeunganishwa vipi, inaviweka kwenye kumbukumbu, kisha inaachia karneli iendelee.

Vipande vile viwili haviko ndani ya foda yoyote. Viko mwanzoni mwa kadi, kabla ya sehemu ya kwanza ya mafaili, ambayo kwa kawaida huanzia kwenye megabaiti 1. Mtu anayenakili mafaili anapita juu ya eneo hilo bila kuliona. Kadi mpya ya binti yule ilikuwa na rekodi zote, mfumo wote na majina yote ya watu wanaotafutwa. Kwenye kilobaiti ya 8 hapakuwa na kitu.

Njia ya kawaida ingekuwa kupakua kutoka intaneti mfumo mzima uliokwisha tengenezwa na kuuandika kwenye kadi. Lakini mfumo mzima ni mamia ya megabaiti, redio inanunua mega kwa vifurushi, na mtandao wa mji unakatika kabla faili kubwa halijamalizika. Tena mfumo mpya ungekuja bila mipango ya redio. Binti akaamua kutengeneza kile kilichokosekana peke yake.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu U-Boot haina mlango uliofungwa. Mhandisi Mjerumani, Wolfgang Denk, ndiye aliyeiongoza tangu ilipokuwa ikiitwa PPCBoot, jina lililobadilishwa kuwa U-Boot mwaka 2002. Yeye alifariki mwaka 2022, lakini kazi inaendelea kwa mikono ya watu wengi wa nchi nyingi. Maandishi yake ya asili yako wazi: kila mtu anaruhusiwa kuyachukua, kuyasoma, kuyabadilisha. Furushi lake ni kama megabaiti 20, na hilo binti aliweza kulipata. Kompaila alinakiliwa kwa USB na mwanafunzi mmoja aliyekuwa nayo tayari.

Neno kompaila nalo lieleweke. Kompyuta ya kubeba ya redio ina chipu ya aina ya Intel. Ubao ule una chipu ya aina ya ARM. Hizi mbili hazizungumzi lugha moja. Kwa hiyo inahitajika kompaila inayokaa kwenye mashini moja lakini inayoandika kwa lugha ya mashini nyingine. Ndiyo maana ya maneno marefu yaliyo katika amri mbili alizozitumia:

make CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- orangepi_pc_defconfig

make CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf-

Amri ya kwanza inachagua ubao. Ya pili inajenga. Ile ya kwanza isichukuliwe kwa wepesi. Kuna ubao mwingine, Orange Pi One, wenye chipu ile ile ya H3, lakini kumbukumbu yake ni nusu na namna yake ya kupata umeme ni tofauti. Programu ya kuamsha ya ubao mmoja isifikiriwe kufaa kwa mwingine kwa sababu tu chipu zinafanana. Jina la ubao lisomwe kwenye ubao wenyewe, lisikisiwe kwa kuangalia umbo.

Ujenzi ulisimama mara tatu. Mara ya kwanza ilikosekana programu ya bison, kisha flex, kisha swig. Kila mara skrini ilijaa mistari mingi. Fundi anasema amejifunza kutotazama mstari wa mwisho, bali kupanda juu mpaka kosa la kwanza, kwa kuwa mengine yote yanazaliwa na hilo. Alipovipata vyote, kazi nzima ilichukua dakika chache tu. Kukawa na faili moja jipya, u-boot-sunxi-with-spl.bin, lisilofika hata megabaiti moja. Ndani yake kuna vipande vyote viwili, SPL mbele na U-Boot nyuma, kila kimoja mahali pake.

Kilichobaki kilikuwa kuliweka kwenye kilobaiti ya 8. Hii ndiyo hatua ya hatari kuliko zote, kwa sababu amri inayoandika haiulizi mara mbili. Ukiiambia iandike juu ya diski ya kompyuta yako badala ya kadi, itaandika. Binti alitumia amri ya lsblk kuona orodha ya diski kabla ya kuchomeka kadi, akaitumia tena baada ya kuichomeka, akatazama jina lipi limeongezeka. Kisha akamwita mkuu.

«Papa, soma hapa kwa sauti. Kadi inaitwa nani?»

Mkuu akasoma. Binti akalinganisha na alichokiandika. Ndipo akabonyeza:

sudo dd if=u-boot-sunxi-with-spl.bin of=/dev/sdX bs=1024 seek=8

Herufi X inasimama mahali pa herufi ya kadi yenyewe. Namba 1024 na 8 maana yake ni: ruka vipande nane vya kilobaiti moja moja, kisha anza kuandika. Ile nyumba ya nane ikapata mwenyeji.

Ili kuona kinachotokea ndani, alichomeka waya wa kusomea ujumbe kwenye pini tatu zilizo kwenye ubao. Waya huo uwe wa volti 3.3, si 5. Ardhi kwa ardhi. Pini inayotuma upande mmoja iende kwa inayopokea upande wa pili. Waya wa umeme uachwe bila kuunganishwa. Mwendo ni 115200. Alipowasha, maandishi yakaanza kupita: U-Boot SPL, kisha kumbukumbu, MiB 1024. Gigabaiti nzima imeamka. Karneli ikaanza, kisha ikasimama ikisubiri diski isiyokuwepo. Kadi mpya ina namba yake ya utambulisho, na mipango ya zamani ilikuwa bado inataja namba ya kadi iliyokufa. Alisoma namba mpya kwa amri ya blkid, akairekebisha, akawasha tena. Jioni hiyo matangazo ya familia yakapita kwa saa yake.

Hadithi ingeishia hapo kama si asubuhi ya siku ya tatu. Usiku bateri ilikuwa imeshuka, ubao ukazimika. Jua lilipochomoza, umeme ukarudi, lakini matangazo hayakurudi. Watangazaji walifika na kukuta ukimya kwenye masafa.

Waya wa kusomea ujumbe ndio ulioleta shida. Ulikuwa umeachwa kwenye pini, upande wa pili haujachomekwa popote, ukining'inia karibu na chumba cha mtambo wa kurusha matangazo. Kwa kawaida U-Boot husubiri sekunde mbili kabla ya kuendelea, na ikipokea herufi yoyote katika muda huo, inasimama na kusubiri amri, kwa kuwa inadhani kuna mtu kwenye kibodi. Waya ulio wazi hufanya kazi ya antene. Kelele yake ubao uliisoma kama mtu anayebonyeza. Fundi alipochomeka waya kwenye kompyuta, alikuta ubao umesimama kwa U-Boot, na alama => ikisubiri amri ambayo hakuna mtu wa kuitoa.

Kuondoa waya kungetosha kwa siku hiyo. Lakini mtu mwingine angeweza kuuacha tena. Hapo ndipo ilionekana faida ya kujenga mwenyewe badala ya kuchukua kilichokwisha tengenezwa: aliweza kubadilisha tabia yenyewe. U-Boot inakubali kuwekewa isubiri chochote kidogo kabisa, au isisikilize vitufe kabisa. Hilo la pili alilikataa. Siku karneli ikiharibika, anasema, utakuwa umejifungia nje ya nyumba yako. Akachagua njia ya kati: U-Boot isimame tu ikiandikiwa neno fulani, si kwa kitufe chochote. Kelele ya mtambo haiwezi kuandika neno. Akajenga upya, akaandika tena kwenye kilobaiti ya 8, akaukata umeme mara kumi mfululizo na kuurudisha. Mara kumi ubao uliamka wenyewe.

Hayo yote yanaweza kuonekana ni mambo ya mafundi tu. Lakini asubuhi ile ya ukimya, baba mmoja kutoka kambini alikuwa ametembea mpaka redioni. Siku mbili kabla alikuwa ameleta tangazo la kumtafuta mama yake mzee, na alikuwa ameambiwa litapita alfajiri, saa ambayo watu wa vijijini hufungua redio kabla ya kwenda shambani.

«Mbona hamkusoma jina la mama yangu?» aliuliza. Hakupaza sauti. Alidhani wamelikataa.

Hakuna aliyejaribu kumweleza habari za waya na herufi. Mtangazaji alifungua daftari, akalikuta jina, akaingia studioni na kulisoma kwa sauti yake mwenyewe, akalirudia kwa Kinande. Baba yule alisimama nje akisikiliza kwenye redio ya mlinzi mpaka mwisho. Mama yake hajapatikana hadi leo. Tangazo linaendelea kupita.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Redio ile ilikuwa na daftari la majina, na hilo ndilo lililookoa asubuhi ile. Haikuwa na daftari la mashini. Sasa linalo. Kwenye ukurasa wa kwanza fundi ameandika jina kamili la ubao, toleo la U-Boot alilotumia, amri mbili za kujenga, amri ya kuandika, na neno la kusimamisha. Faili lile dogo limewekwa kwenye diski ya nje pamoja na mipango yake, na pia kwenye USB iliyo ndani ya kabati la mkuu. Kadi ya pili iko tayari ndani ya bahasha, imejaribiwa, na tarehe imeandikwa juu yake.

Kwa redio nyingine, shule na vituo vya afya vinavyotumia kompyuta ndogo za namna hii, ushauri wake ni mfupi. Kunakili mafaili ni vizuri, lakini kuna kitu mwanzoni mwa kadi ambacho hakimo katika mafaili, kihifadhiwe nacho. Bao za aina nyingine huanzia mahali pengine, kwa hiyo kilobaiti 8 isichukuliwe kuwa sheria ya bao zote. Kila moja isomewe maelekezo yake. Na nakala isiitwe nakala kabla haijawashwa na kuonekana ikifanya kazi.

Vijana wawili wa kambini, mvulana na msichana, wanakuja sasa kila Jumamosi kujifunza. Wiki iliyopita fundi aliwapa kadi tupu, furushi la U-Boot na lile daftari, kisha akatoka nje. Baada ya saa moja na nusu msichana alitokea mlangoni. «Yaya, njoo uone. Imeandika MiB 1024.»